Msimu wa Cheri Fumie Alipokwenda kwa Mkwewe

Kozue alirudi kwao mwezi wa tano, tumbo limeshamtangulia, na aliposhuka kwenye teksi mama yake alimvua viatu kwa mikono yake mwenyewe. Niliona, maana nilikuwa nimekaa pale kizingitini nikinywa chai. Fumie si mwanamke wa kupiga magoti mbele ya mtu. Lakini siku ile alipiga, akafungua kamba za viatu, akasema, "Tazama miguu ilivyovimba kama figili! Basi umefika, mwanangu. Mengine niachie mimi."

Kozue akacheka, akaweka mkono begani kwa mama yake ili asianguke. Namna alivyouweka ule mkono ndiyo ninayoikumbuka nikisikia watu wanamsema kuwa ni binti mwenye moyo mgumu.

Shamba letu na lao yanapakana. Wao ndio wenye bustani kubwa ya cheri kwenye mteremko huu wa Yamagata, na kila mwaka matunda yakiiva mimi hufunga nyumba yangu nikaenda kuwachumia. Cheri haina simile. Ikiiva imeiva, na mvua moja tu ikiigusa hupasuka ngozi, ndiyo maana miti yote tunaiezekea plastiki na kuamka kabla ya jua. Katika majuma yale hakuna anayeumwa, hakuna anayefiwa, hakuna anayeoa. Baba mwenye bustani ni Yasuzo, mtu wa maneno machache. Wana watoto wawili: Daigo, wa kwanza, anayeishi Saitama karibu na Tokyo na mkewe Erika, na Kozue.

Kozue anaishi Sendai, ng'ambo ya milima. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia kwenye karakana ya daktari wa meno, na anayo subira ya kazi hiyo: anaweza kusugua jino moja asubuhi nzima. Mumewe, Takuma, mwaka ule kampuni ilikuwa imempeleka Vietnam kufunga mashine za kiwanda, na asingerudi mpaka vuli.

Kule Sendai Kozue alikuwa ameshapata nafasi kwenye hospitali wanakochoma ile sindano ya mgongoni, mama anajifungua bila kusikia uchungu. Fumie ndiye aliyemtoa huko. Majira yote ya baridi, theluji imefika madirishani, alikuwa akimpigia simu. Mara nyingine nilikuwepo, tumeingiza miguu chini ya meza yenye joto, tunamenya machungwa.

"Sindano ya nini?" alikuwa akisema. "Mimi nyie wawili nimewazaa na taulo mdomoni, na nipo. Huko mjini utazalishwa na watu usiowajua. Njoo nyumbani. Mimi mwenyewe nitakushika mgongo, mwanzo mpaka mwisho. Utamtaka nani zaidi ya mama yako?"

Kozue aliniambia baadaye kwamba hakuwa akiogopa uchungu sana. Alichokiogopa ni kuwa peke yake nao. Kwa hiyo mama alipoahidi mgongo, aliona amepata kitu kikubwa kuliko sindano. Akaiachia nafasi ya Sendai, wakampa mwingine siku hiyo hiyo.

Hospitali ya mji wetu haina sindano hiyo. Ina daktari mmoja wa uzazi na wakunga wachache, unakuja, unazaa kama walivyozaa mama zetu, unakwenda zako. Na tangu ule ugonjwa uliofunga dunia, walibaki na kanuni yao: anayeingia na mzazi ni mtu mmoja tu, aliyeandikishwa kabla, na mwingine yeyote anaishia mlangoni. Kozue aliandikisha jina la mama yake.

Wakaanza kujiandaa, na nitasema kweli, ilipendeza kuwatazama. Asubuhi walipanda ngazi za hekalu pamoja, Fumie nyuma amenyoosha mikono kana kwamba binti angemdondokea. Mkunga wa kliniki ya hospitali ile, Hoshikawa, aliwafundisha mambo ya pumzi. Aliwafundisha pia kazi ya mpira wa tenisi. Inafika saa, alisema, mwili unataka kusukuma na njia bado haijafunguka yote, ukisukuma unajichana. Hapo mtu anaubana mpira chini kabisa, kwenye mfupa wa makalio, kwa nguvu zake zote, na mama anaweza kuzuia.

Fumie alikuja kutuonyesha kwenye banda la kupakia, mbele ya wachumaji wote. Akamwinamisha Kozue juu ya rundo la maboksi, akabana.

"We Fumie," akasema Bibi Toyo, mchumaji wetu mkongwe, "unamsaidia binti kuzaa au unakanda unga?"

"Wewe ulizaa kwa kukandwa na nani?"

"Mimi? Nilizaa mume wangu anakoroma chumba cha pili. Nikamrushia kiatu."

"Kikampata?"

"Kilimkosa, kikampata mtoto aliyelala naye!"

Tulicheka mpaka Kozue akashika tumbo, akasema tumwache, atazaa palepale juu ya maboksi. Fumie alikuwa amemshika kiuno, uso umemjaa furaha. Sidhani furaha ile ilikuwa ya uongo. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye.

Mwezi wa sita ulipoingia cheri zikaanza kuwa nyekundu. Siku moja tumekaa bandani tukipanga matunda ya zawadi, yale yanayopangwa moja moja kama shanga, Kozue yuko kwenye kiti anafuta maboksi vumbi. Bibi Toyo akainua tunda kwenye mwanga, akaligeuzageuza.

"Fumie akienda Saitama, haya ya zawadi atayapanga nani?" akauliza, wala hakumwuliza mtu fulani. "Macho yangu mimi siyaamini tena."

Wanawake wawili waliokuwa mkabala nami waliinamisha vichwa pamoja. Mimi sikuwa najua lolote, nikawatazama, nikaona kwamba wao wanajua.

"Saitama?" Kozue akauliza.

Bibi Toyo akalishusha lile tunda. "Jamani. Nilidhani... Aa, mimi mzee, naropoka tu."

Fumie akaingia wakati huohuo amebeba kreti mbili.

"Mama, unakwenda Saitama?"

Akaziweka kreti chini taratibu. "Nani kasema?"

"Unakwenda au huendi?"

"Siku chache tu. Wifi yako naye amekaribia, unajua. Hospitali yao inapanga tarehe, si kama hapa, kwa hiyo ninajua siku ya kufika. Nikimaliza narudi. Wewe wa kwanza, Kozue, watoto wa kwanza huchelewa, nitakukuta bado."

"Inapanga tarehe. Kwa nini inapanga tarehe?"

Fumie akavua glavu. Akazikung'uta. "Mambo ya mjini hayo."

"Anachomwa sindano," Kozue akasema.

"Daigo ndiye aliyetaka. Mimi ningesema nini? Ni mke wa mtu."

"Mimi uliniambia nini?"

Hakuna aliyepanga tunda tena. Nilitamani kutoka, lakini mlango ulikuwa nyuma yao, ningelazimika kupita katikati.

"Usiongee hivyo mbele ya watu," Fumie akasema kwa sauti ya chini. "Erika hana mama. Mama yake alikufa akiwa mdogo, amelelewa na baba tu. Atamshika nani mkono?"

"Na mimi ninaye?"

"Wewe una nguvu!" Fumie akapandisha sauti. "Tangu mdogo, ukianguka unajiinua mwenyewe, hulii. Yule ukimkazia macho tu analia. Na baba yako hataipanda hii miti milele. Nisipokwenda sasa, nikamfanya yule mtoto aone hapa ni kwao, Daigo hatarudi kamwe. Atairithi nani bustani? Wewe? Wewe umeolewa, una kwako."

"Uliamua lini?"

Fumie akainama, akazisogeza kreti ukutani.

"Mama. Uliamua lini?"

"Tangu walipotuambia ana mimba. Wakati wa theluji."

Kozue akasimama. Kwa tumbo lile ilimchukua muda kusimama, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akakiweka kitambaa juu ya maboksi, akapita kati yetu, akaenda nyumbani. Fumie akavaa glavu zake. "Mnatazama nini?" akatuambia. "Matunda yanashika joto."

Jioni ile Kozue akamfuata baba yake kwenye kibanda cha trekta. Baba alikuwa anapaka mafuta ngazi za kuchumia. Akamwuliza kama naye alikuwa anajua.

"Mama yako alisema mtaelewana," Yasuzo akasema.

"Na mimi nikishikwa na uchungu hayupo?"

"Alisema utachelewa." Akaendelea kupaka. Halafu, maskini, akafikiri anamtuliza: "Alisema na wewe hutakaa bure. Yeye akiwa hayupo, wewe utashika simu za wateja na kuwapikia wachumaji. Alisema ni bahati umekubali kuja."

Haya alinisimulia Kozue mwenyewe. "Dada Mitsuyo," akaniambia, "ile sindano, ule mgongo, maneno yote ya majira ya baridi. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kushika nyumba."

Akampigia Takuma. Alitaka mtu mmoja tu akasirike pamoja naye. Takuma akasema, "Mama aliniomba nisikwambie mapema. Alisema ungepata mawazo, na mawazo si mazuri kwa mtoto."

"Na wewe ukaona vyema."

"Mimi niko mbali, Kozue. Nilifikiri mama yako anajua zaidi."

"Ungeniambia ningebaki Sendai."

"Sasa ningefanyaje? Ni mama yako."

Kozue akamwambia alale salama, akakata.

Kesho yake alipiga simu hospitali ya Sendai. Walimwambia kwa adabu nyingi kwamba nafasi zimejaa mpaka vuli. Akaenda kliniki peke yake kwa basi, akamweleza mkunga Hoshikawa, kwa mara ya kwanza bila kulia, maana alikuwa ameshalia ndani ya basi. Hoshikawa ni mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sitakudanganya," akasema. "Siku hiyo ninaweza kuwa na wazazi wawili, hata watatu. Nitaingia na kutoka. Kukaa nawe muda wote siwezi."

"Afadhali wewe," Kozue akasema. "Umeniambia mapema."

"Yupo mwingine wa kumwandikisha? Baba? Jirani?"

"Hapana. Andika hakuna."

Mimi ningekubali, angeniambia. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakuniambia. Akasema wakati ule aliona kila anayeahidi ni mtu wa kumpotezea nafasi.

Hoshikawa akamfundisha upya, safari hii kazi ya mtu mmoja. Kama hakuna wa kubana mpira, ukae juu yake kwenye kiti kigumu, uzito wako uwe mkono wa mtu. Uchungu ukija, toa sauti nzito ya chini, si ya juu. Ya juu inafunga koo na kwingine kote. Usilale chali. Simama, egemea ukuta, zungusha nyonga. Na ujifunze kukaa na maumivu usiyoyachagua: shika barafu mkononi, pumua, usiiachie mpaka ukali wake upungue.

Basi kwenye msimu wetu ule kulikuwa na jambo la ajabu. Sisi tuko juu ya ngazi tunachuma, chini yetu mwanamke mjamzito anazunguka miti polepole, mkono mmoja umefumbata barafu aliyoitoa kwenye masanduku ya kupozea cheri, maji yanamtiririka kwenye kiwiko, anatoa sauti kama ya ng'ombe wa mbali. Wengine walidhani amerukwa na akili. Bibi Toyo, ambaye tangu siku ile alikuwa hana raha, alimwita kutoka juu, "Badilisha mkono, mjukuu! Utaganda huo!" Naye Kozue akabadilisha.

Kupika hakupika. Alimwambia baba yake wazi: "Wali wa wachumaji sitaupika, na simu sitaishika. Nimekuja kuzaa." Fumie naye alikuwa bustanini tangu alfajiri mpaka giza, basi simu ikawa inalia nyumba tupu mpaka ikachoka. Yasuzo alikula tambi za kopo. Sisi tukaja na matonge yetu ya wali kutoka majumbani. Kijijini wakasema binti huyu hana huruma, baba yake anahangaika na mavuno yeye anashikana na barafu. Nilisikia pia wanaomsema Fumie, lakini hao walisema kwa kunong'ona, maana Fumie bado alikuwa hajaondoka.

Siku ya kuondoka alivaa koti lake la kuendea harusini, asubuhi ya mavuno makubwa kabisa. Miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuiacha bustani wakati wa cheri hata kwa homa; msimu ule binti akienda kliniki alikuwa anamwambia, "Nenda tu, mwanangu, matunda haya yananishika." Siku hiyo hayakumshika. Alikuwa na boksi la cheri za kwanza, zile kubwa za tawi la juu, alizozipanga mwenyewe, za kumpelekea Erika. Akasimama chini ya dirisha la Kozue.

"Kozue! Ninakwenda. Nitakupigia!"

Pazia halikutikisika.

"Ana hasira za mimba," Fumie akaniambia, akatabasamu, akapanda gari la Yasuzo kwenda stesheni.

Siku ya tatu baada ya hapo, jua limepanda, niko kwenye ngazi, nikasikia naitwa. Kozue alikuwa amesimama chini ya mti, miguu imeloa.

"Dada Mitsuyo, chupa imepasuka."

Baba yake alikuwa amepeleka matunda kwenye ushirika, simu yake ipo jikoni juu ya friji. Nilitaka kukimbia kumtafuta. Kozue akanizuia. "Nimeshaita teksi," akasema. "Nimekuita ili mtu ajue niko wapi, basi."

Nilipanda naye. Hakuniomba, lakini hakunikataza. Dereva alikuwa ametandika plastiki kitini na taulo juu yake, akaendesha kama amebeba mayai. Uchungu ukija Kozue alishika mpini wa mlango, akatoa ile sauti yake ya chini, dereva akazima redio kwa heshima. Mlangoni pa wodi, nesi akaniuliza jina langu, akatazama orodha, akasema samahani sana. Nikampa Kozue mkoba wake. Milango ya kioo ikafunguka, ikamfungia ndani. Nilimwona akitembea mwenyewe kwenye ule ujia, mkono ukutani.

Yaliyobaki nimeyapata kwake.

Hoshikawa alikuwepo, na wazazi wengine wawili walikuwepo pia. Akampima, akasema njia imefunguka nusu, amefanya vizuri, akaenda. Kozue akabaki na kitanda, kiti, saa ya ukutani, na ile mashine inayotoa mdundo wa moyo wa mtoto. Akasimama akaegemea ukuta. Mwanzoni, alisema, alikuwa karibu kufurahi. Barafu ilikuwa imemfundisha. Uchungu ulikuja kama mtu anayemjua, akauacha upite, akanywa maji kwa mrija. Chumba cha pili mume wa mtu alikuwa akihesabu pumzi kwa sauti, "Moja... mbili... vizuri mpenzi..." Naye Kozue akapumua kwa hesabu za mume wa mtu.

Ndipo simu ikalia. Aliipokea kwa sababu alidhani ni baba yake.

"Kozue! Wifi yako amejifungua! Wa kiume!" Sauti ya Fumie ilikuwa juu, nyuma yake watu wanacheka. "Yaani hakusikia kitu, mwanangu, tulikuwa tunapiga soga, mara daktari anasema haya sukuma. Alikuwa anacheka! Ana pua ya baba yako, ukimwona... Na wewe je? Bado?"

Uchungu ulikuwa unapanda mgongoni, Kozue akaushika ukingo wa kitanda. Alisema angeweza kusema. Neno moja tu, na mama yake angejua, angelia, angepanda treni. Lakini angefika kesho, na ingekuwa hadithi ya Fumie jinsi alivyokimbia usiku kuja kwa binti yake.

"Bado," akasema.

"Si nilikwambia! Wa kwanza huchelewa. Haya, pumzika, kula vizuri, baba yako mpikie hata supu."

Akaizima simu, akaitia chini kabisa ya mkoba.

Baada ya hapo uchungu ukabadilika. Haukupita tena, ulikuwa unarudi kabla haujaondoka. Ikafika ile saa ya kutaka kusukuma, akabonyeza kengele, Hoshikawa akaingia mbio, akapima, "Bado kidogo, usisukume, kaa kwenye mpira," akabana mwenyewe mara mbili tatu, mara kutoka chumba cha pili wakapiga kelele mtoto anatoka. "Narudi," akasema, na akaenda.

Kozue akakaa juu ya ule mpira kwenye kiti cha mbao, ameshika mikono ya kiti, mwili wote unataka kufunguka na yeye anaukataza. Akatoa sauti nzito. Ikawa nyembamba. Na ndani ya ile sauti akasikia neno. Alikuwa anaita mama.

"Sikutaka," aliniambia. "Mdomo ulimwita wenyewe. Nikanyamaza, uchungu ulipokuja tena nikasikia naita tena. Nilimchukia, na ninamwita."

Hoshikawa akarudi, nywele zimemtoka kwenye kofia. "Mama yuko njiani?" akauliza, maana alimsikia tangu kwenye ujia.

"Hayupo," Kozue akasema. "Hakuna."

Mkunga akatazama kiti, akatazama sakafu iliyoloa jasho, akamshika makwapani akamnyanyua. "Basi sasa sukuma," akasema. "Njia imefunguka. Sasa siendi popote."

Jua lilikuwa bado liko milimani mtoto alipotoka. Wa kike, nywele nyingi, analia kwa hasira. Wakamweka kifuani. Kozue alisema hakulia wala hakucheka. Alimshika tu, akamsikiliza anavyolia, akawaza kwamba huyu hajadanganywa na mtu bado.

Yasuzo alifika na mabuti ya shambani. Walimzuia kwenye kioo. Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, nikamwona akivua kofia, akiinama, kichwa kimegusa kioo, akikaa hivyo mbele ya nesi aliyekuwa akisubiri tu kumpa barakoa. Aliporuhusiwa kumwona binti yake wodini siku ya pili alisema, "Niliacha simu." Kozue akasema, "Najua." Akampa mtoto amshike. Hayo ndiyo yote waliyosema.

Fumie alirudi Kozue akiwa ameshatoka hospitali, yuko nyumbani na mtoto. Habari alizipata kwa mumewe. Alipita langoni akiwa amebeba nepi na mabegi ya zawadi, machozi tayari, akaenda moja kwa moja kunawa mikono. Mimi nilikuwa nafua vitambaa vya mtoto.

"Lete nimwogeshe mjukuu wangu," akasema. "Kozue, kwa nini hukuniambia kwenye simu? Ningekuja!"

"Ameshaoga, mama."

"Basi nikupikie. Unatakiwa ulale mwezi mzima, usiguse maji. Mimi nipo sasa."

Kozue alikuwa ananyonyesha. Hakuinua macho. "Ulinidanganya tangu theluji," akasema. "Uliniondoa mahali pangu ili uniache. Nataka uniambie kwamba ulifanya hivyo. Sitaki samahani. Sema tu kwamba ulifanya."

Fumie akakaa kwenye mkeka. Nilifikiri, sasa atasema. Nilimwona mdomo ukifunguka.

"Lakini uliweza," akasema. "Si uliweza? Nilijua utaweza."

Kozue akamtoa mtoto titini, akamweka begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua. Juma lililofuata, mwezi wa mapumziko haujafika nusu, aliita teksi, akarudi Sendai na mtoto wake. Takuma alipata likizo fupi akaja. Walivyozungumza sijui, najua kwamba vuli aliporudi moja kwa moja aliacha kazi za ng'ambo, na kwamba mpaka leo Kozue akisema "mama alisema," Takuma hunyamaza kama mtoto aliyevunja sahani.

Mtoto anaitwa Wakana, sasa anakimbia. Daigo hakurudi. Walileta kijana wao mara moja wakati wa mwaka mpya, Erika akasema nyumba ina baridi sana, na miti ya kule mteremkoni Yasuzo ameanza kuikata, maana mgongo haumruhusu tena kupanda ngazi. Kozue huja msimu wa cheri kwa siku moja. Humchumisha mtoto, hula na baba yake kibarazani, humsalimu mama yake kwa adabu yote, na jua likizama hulala kwangu.

Masika iliyopita Fumie alisikia kwamba Kozue ana mimba ya pili. Akampigia mbele yangu. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno, nilimsikia kabla akiyanong'ona jikoni. "Safari hii nitakuja mimi kwako," akamwambia. "Nitakaa Sendai mpaka umalize. Nitakushika mgongo."

Sikusikia jibu la Kozue. Niliona tu Fumie akisikiliza, akiitikia kwa kichwa, akisema, "Ndiyo. Ndiyo. Nimeelewa," kama mtu anayeongea na daktari. Akaweka simu.

"Amepata hospitali kule," akaniambia. "Mumewe ndiye atakayeingia. Amemfundisha." Akaanza kukusanya vikombe vya chai, na vyetu vilikuwa bado vimejaa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Mitsuyo, akilala kwako, huwa ananisema?"

"Hapana," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Hakusemi kabisa."

Akasimama na vile vikombe mkononi. Nadhani angependa zaidi nimwambie kwamba huwa anamtukana.